Kabla ya kusema ‘kwetu hakuna’, fungua faili la mirathi la babu

Swali hili huulizwa kliniki kila siku, na wazazi wengi hulijibu haraka kuliko mengine yote. “Kwenye ukoo wenu kuna mwenye kisukari? Presha? Saratani? Seli mundu?” Mzazi anamtazama daktari, anamtazama mtoto, anajibu: “Hapana, kwetu hakuna.”

Mara nyingi mzazi huyo hadanganyi. Anasema anachokijua, na anachokijua ni kidogo. Anajua jina la babu. Anajua kaburi liko upande gani wa mwembe. Pengine amesikia kuwa babu alikuwa mkali na alipenda kahawa. Lakini babu alikufa akiwa na umri gani, alianza kuumwa vipi, na ni watoto wake wangapi walizikwa wakiwa wadogo, hayo hakuna aliyewahi kumwambia.

Zipo karatasi zinazoweza kumsaidia. Baadhi ziko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha bibi. Nyingine ziko mahakamani, ndani ya faili ambalo familia ililifungua kwa ajili ya kugawana mali na haikulitazama tena baada ya hapo.

Mfano wa familia moja

Tuchukue mfano wa familia ya Pangani, mkoani Tanga. Familia hii ni ya kubuni, lakini yanayoipata yanazipata nyumba nyingi.

Mtoto wao wa kike ana miaka minne. Tangu akiwa na miezi minane alikuwa akivimba vidole vya mikono na miguu, macho yanageuka manjano, na usiku analia kwa maumivu ya mifupa. Ametibiwa malaria mara nyingi kuliko wazazi wanavyoweza kuhesabu. Safari hii daktari aliagiza kipimo kingine na majibu yakatoka: mtoto ana seli mundu.

Mama alirudi nyumbani na karatasi ya majibu. Jioni, shangazi wa mume alipoambiwa, alisema maneno ambayo akina mama wengi wenye watoto wagonjwa wanayafahamu: “Kwetu hakuna ugonjwa huo. Mtafute kwenu.”

Kauli hiyo imevunja ndoa nyingi, na kitaalamu haina mashiko. Mtoto huugua seli mundu ya aina inayoonekana zaidi nchini pale anaporithi kinasaba chenye kasoro kutoka kwa baba na kingine kutoka kwa mama. Mzazi mwenye kinasaba kimoja huwa mzima. Analima, anacheza mpira, anazeeka, na hajui chochote. Wazazi wawili wa aina hiyo wakikutana, kila mimba inabeba uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto kuugua, asilimia 50 wa mtoto kuwa mbebaji kama wao, na asilimia 25 wa kutorithi kabisa. Hesabu hiyo huanza upya kwa kila mimba. Kuwa na mtoto mmoja mgonjwa hakumkingi anayefuata.

Baba wa mtoto alipimwa. Ni mbebaji, kama mkewe. Swali la “kwenu au kwetu” likawa limejibiwa na damu. Likabaki swali lililo kubwa zaidi: kinasaba hicho alikipata kwa nani, na ni nani mwingine katika ukoo anacho bila kujua?

Faili la mwaka 1982

Babu yake baba huyo alifariki mwaka 1982. Familia ilikaa kikao cha ukoo, ikamteua msimamizi, kisha ikaenda Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi. Faili la aina hiyo huwa na karatasi za kawaida: maombi ya usimamizi yenye jina la marehemu, tarehe ya kifo na mahali alipoishi, muhtasari wa kikao cha ukoo, majina ya warithi na mara nyingi umri wao, na uthibitisho wa kifo. Kwa kanuni za mwaka 1971 za Mahakama za Mwanzo, msimamizi anatakiwa ndani ya miezi minne awasilishe orodha ya mali na madeni katika Fomu Namba 5, na baadaye hesabu ya usimamizi wa mali hizo katika Fomu Namba 6.

Karatasi hizo ziliandikwa ili minazi igawanywe kwa haki. Lakini ukizisoma ukiwa na maswali ya daktari kichwani, zinaeleza mengine.

Mgawanyo katika mfano wetu ulifuata sheria ya Kiislamu. Marehemu aliacha minazi 240. Mjane alipata minazi 30. Mama wa marehemu alipata 40. Watoto watatu wa kiume walipata 34 kila mmoja, na wanne wa kike 17 kila mmoja. Ukijumlisha unapata 240 kamili.

Sasa zitazame hesabu hizo taratibu. Mjane kupata sehemu moja ya nane ni dalili kuwa marehemu aliacha watoto. Asingekuwa na mtoto, mjane angepata robo. Wangekuwa wajane wawili, wangegawana ile ile moja ya nane, na faili lingekuonyesha kuwa kuna bibi mwingine ambaye huenda hukuwahi kumsikia. Hakuna fungu la baba, maana yake baba wa marehemu alikwisha tangulia. Lakini kuna fungu la mama, moja ya sita. Babu huyu, ambaye wajukuu wote waliambiwa “alikufa kwa uzee”, alizikwa na mama yake mzazi akiwa hai.

Mtu anayezikwa na mama yake si lazima awe kijana, lakini neno “uzee” linaanza kutia shaka. Umri wa watoto unaongeza shaka hiyo: mdogo kuliko wote alikuwa na miaka mitatu. Babu huyo alikufa akiwa na takriban miaka 50.

Upande wa madeni kuna mstari mmoja mfupi: fedha za gari la kumpeleka marehemu Bombo, hospitali ya mkoa mjini Tanga. Kwa hiyo hakufia usingizini, kama wengine walivyosimulia. Aliugua, akakimbizwa hospitali kwa gari la kukodi, na familia ilidaiwa nauli.

Bibi anaposomewa

Karatasi peke yake haitoshi. Bibi mjane yupo, ana zaidi ya miaka 80, na kumbukumbu zake za zamani ni nzuri kuliko za jana. Mjukuu alimwendea asubuhi, akamwamkia, akakaa mkekani, akamsomea mstari wa gari la Bombo.

“Ndiyo,” bibi alisema. “Alianguka shambani. Mdomo ukaenda upande, maneno hayatoki. Siku ya tatu akafa.”

Mjukuu hakuwahi kuuliza namna hiyo. Siku zote aliuliza “babu alikufa kwa nini?” na siku zote alijibiwa “mipango ya Mungu”. Alipotaja gari, bibi aliikumbuka safari, na pamoja na safari akazikumbuka dalili. Mdomo kupinda na kauli kukatika ghafla ni dalili ambazo daktari yeyote akizisikia atafikiria kiharusi, na kiharusi mara nyingi hutokana na shinikizo la juu la damu lisilotibiwa. Hakuna anayeweza kumpima marehemu, lakini watoto na wajukuu wake wanaweza kupimwa presha wiki hii.

Kisha likaja la pili. Faili lilitaja watoto saba wenye umri wa miaka 24, 21, 12, 10, 8, 6 na 3. Kuanzia wa tatu, wamefuatana kwa miaka miwili au mitatu. Lakini kati ya yule wa miaka 21 na yule wa 12 kuna pengo la miaka tisa.

“Bibi, ulizaa wangapi?”

“Kumi.”

Mahakama iliandika saba kwa sababu mtoto aliyekufa kabla ya baba yake harithi, na asiyerithi hakuwa na sababu ya kuandikwa. Watatu wa lile pengo walizaliwa katika miaka ya 1960, na hakuna aliyefika miaka mitano. Wawili kati yao, bibi alisema, walikuwa wakivimba mikono “kama andazi”, macho manjano, wakilia usiku. Watu walisema wamechezewa. Wengine walimsema yeye.

Shangazi aliyetamka “kwetu hakuna” alikuwa amekaa mlangoni akichambua mchele. Mwaka 1982 alikuwa yule mtoto wa miaka sita. Alizaliwa baada ya makaburi yale kuchimbwa, na hakuna aliyemwonyesha.

Si ushahidi, ni sababu ya kupima

Hapa wazazi wanahitaji tahadhari. Miaka ya 1960 watoto wengi walikufa kwa malaria, surua, kuhara na utapiamlo. Mtoto aliyevimba mikono zamani hawezi kupewa jina la ugonjwa leo kwa simulizi tu. Kinachothibitisha ni kipimo cha damu kwa walio hai, hasa kile kinachotenganisha aina za himoglobini, kwa kuwa hicho kinaweza kuonyesha mgonjwa ni nani na mbebaji ni nani.

Faida ya faili na simulizi la bibi ni kuwaambia walio hai kwamba wana sababu ya kupima, na wapime nini. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambako watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na seli mundu, na makadirio yanayotumika mara nyingi ni watoto 11,000 au zaidi kila mwaka. Bila kugunduliwa mapema na kupata huduma, wengi wao hawafiki miaka mitano. Wakigunduliwa mapema wanapewa penisilini ya kuzuia maambukizi, chanjo, kinga ya malaria, na wanaohitaji hupewa haidroksiurea. Wanasoma, wanakua, wanaoa na kuolewa.

Tena, ugonjwa huu hauna uhusiano na laana ya ukoo wowote. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha utafiti uliofanyika Afrika Mashariki ukionyesha kuwa mtu mwenye kinasaba kimoja cha seli mundu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana kinasaba hicho kimedumu katika maeneo yenye malaria nyingi, pwani ikiwemo. Kiliwalinda mababu wengi, na ndicho kinachowaumiza watoto wanaokirithi pande zote mbili. Mama mkwe anayetafuta wa kumlaumu ajue kuwa huenda yeye mwenyewe yupo hai kwa sababu ya kinasaba hicho.

Orodha ya warithi si orodha ya damu

Msomaji wa faili la mirathi akumbuke jambo moja kubwa. Mahakama iliuliza nani anastahili mali, haikuuliza nani ni ndugu wa damu. Mara nyingi ni watu wale wale, lakini si mara zote.

Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa harithi kwa baba yake chini ya sheria ya Kiislamu, hivyo huenda hayumo kabisa kwenye orodha. Asiyepata mnazi hata mmoja anaweza kuwa amerithi presha ya baba yake. Kwa upande mwingine, muhtasari wa kikao cha ukoo unaweza kumtaja “mtoto wa marehemu” ambaye kwa kweli ni mtoto wa kufikia, au wa ndugu aliyekufa, aliyelelewa hapo tangu utotoni. Huyo ana haki zote za mapenzi ya familia, lakini historia yake ya kiafya iko kwingine.

Maneno yetu ya udugu nayo yanahitaji kufafanuliwa. Ukisema “baba yangu” inaweza kuwa baba mdogo. “Bibi” anaweza kuwa dada wa bibi. “Kaka” anaweza kuwa mtoto wa baba mkubwa. Katika maisha ya kila siku hilo ni jambo zuri, lakini daktari anahitaji kujua nani alimzaa nani. Kwa kila jina, uliza swali wanalolielewa wazee: “Huyu ni tumbo gani?”

Msaada mwingine uko kwenye majina yenyewe. Faili la zamani likiandika fulani bin fulani bin fulani, umepata vizazi vitatu katika mstari mmoja. Kwa wanawake, “binti fulani” hukupa jina la baba wa bibi, ambalo mara nyingi familia ya mume imekwisha lisahau. Na upande wa bibi ni nusu ya damu ya baba yako au mama yako. Usiufuatilie ukoo kwa wanaume peke yao. Hata saratani ya matiti inayorithiwa inaweza kupita kwa baba na kumfikia binti.

Mahali pa kuanzia

Anza nyumbani. Sanduku la bati la mzee huwa na zaidi ya hati ya shamba: kadi ya TANU, stakabadhi za kodi, cheti cha ndoa, cheti cha ubatizo, kadi ya hospitali, barua za mtoto aliyekuwa kazini mjini. Kadi ya TANU inakuambia mzee alikuwa hai na mtu mzima kati ya mwaka 1954 na 1977. Stakabadhi ya kodi inakupa mwaka na kijiji. Piga picha kila karatasi kwa simu, mbele na nyuma, kisha irudishe ilipokuwa.

Pili, zungumza na wazee, na anza na aliye mkubwa kuliko wote. Wengi hawajui tarehe ya kuzaliwa, na si kosa lao. Enzi za ukoloni sheria ya usajili wa vizazi na vifo iliwalazimisha Wazungu na Waasia, Waafrika walio wengi hawakulazimishwa. Lakini wazee wanajua matukio. Muulize kama alikuwa ameota meno ya utu uzima wakati wa Vita Kuu ya Pili, kama alikuwa ameolewa Uhuru ulipokuja mwaka 1961, kama alikuwa na mtoto mgongoni wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa. Majibu mawili au matatu ya namna hiyo yanakupa umri unaokaribia ukweli.

Tatu, nenda mahakamani. Mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu kwa kawaida husikilizwa Mahakama ya Mwanzo ya eneo alilokuwa akiishi marehemu, na nyingine hufunguliwa katika mahakama za ngazi ya juu. Fika masjala ukiwa na jina kamili la marehemu, mwaka wa kifo, jina la msimamizi na, ikiwezekana, namba ya shauri. Beba kitambulisho na barua fupi inayoeleza uhusiano wako na marehemu na unachohitaji. Faili la miaka ya nyuma likikosekana, usiondoke kabla hujauliza kama limehamishiwa kwingine.

Nne, tafuta cheti cha kifo. Kumbukumbu hizo husimamiwa na RITA, wakala ulioanza kazi mwaka 2006 ukichukua nafasi ya ofisi ya Kabidhi Wasii Mkuu, kwa kushirikiana na ofisi za wilaya. Nyumba za ibada ni msaada mwingine. Parokia kongwe zina vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi vinavyotangulia kumbukumbu nyingi za serikali. Bagamoyo, kwa mfano, misheni ya Kikatoliki ilianza mwaka 1868.

Kwa familia zilizotawanyika, sheria hutofautiana. Zanzibar mirathi ya Waislamu huenda Mahakama ya Kadhi. Kenya, maombi ya mirathi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na tangazo hutaja jina la marehemu, mahali na tarehe ya kifo, pamoja na jina la mwombaji. Matoleo mengi yanasomeka mtandaoni. Mwenye babu aliyehamia Mombasa kufanya kazi bandarini anaweza kuanza kumtafuta akiwa na simu tu.

Kazi hii inahitaji subira, lakini huzaa matunda hata baada ya miaka mingi. Mgonjwa wa kwanza wa seli mundu kuelezwa katika jarida la kitabibu la Marekani, mwaka 1910, alitajwa na Dk James Herrick wa Chicago bila jina. Alikuwa tu kijana mweusi kutoka visiwa vya Karibi. Mwaka 1989 Todd Savitt na Morton Goldberg walichapisha maisha yake baada ya kufuatilia kumbukumbu: aliitwa Walter Clement Noel, alizaliwa Grenada mwaka 1884, alihitimu udaktari wa meno Chicago mwaka 1907, akarudi kwao kufanya kazi, na akafariki mwaka 1916 kwa nimonia akiwa na miaka 32. Kwa miaka 79 madaktari waliijua damu yake bila kumjua mwenyewe.

“Mnataka kufufua mirathi?”

Kikwazo kikubwa huenda kisiwe masjala. Huenda akawa baba mdogo.

Mjukuu akionekana mahakamani akiulizia faili la mwaka 1982, habari inafika kijijini kabla yake. Kila mtu ana shamba ambalo mipaka yake haiko wazi sana, na neno “mirathi” linawasha moto. Kwa hiyo waambie mapema. Mwone msimamizi wa mirathi kama yu hai, au mkubwa wa ukoo, ukiwa na karatasi ya majibu ya mtoto mkononi. Eleza wazi kuwa hutafuti mnazi, unatafuta ugonjwa. Mwombe akusindikize mahakamani. Mzee aliyeombwa kusaidia hana sababu ya kukushuku.

Lipo pia la siri. Faili na vipimo vinaweza kufichua mtoto wa nje, ndoa iliyofichwa, au uzazi ambao haukuwa kama ulivyosimuliwa. Amua kabla ya kuanza: kilicho cha afya kitasemwa kwa wanaohusika, kingine kitabaki kwenye karatasi. Majibu ya kipimo ni mali ya aliyepimwa, hayabandikwi kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Na kipimo cha aina hii kiende pamoja na ushauri nasaha, hasa kwa wachumba na wenza.

Andika ukurasa mmoja

Matokeo ya kazi yote haya yanatosha kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Chora vizazi vitatu: mtoto, wazazi wake na ndugu zao, kisha mababu na mabibi wa pande zote mbili. Kwa kila mtu andika mambo matano: mwaka wa kuzaliwa au tukio lililo karibu nao, kama yu hai au umri aliofariki, dalili alizougua, umri ugonjwa ulipoanza, na idadi ya watoto aliozaa, wakiwemo waliofariki. Andika dalili kama ulivyosimuliwa. “Alikunywa maji sana, akakonda, kidonda cha mguu hakikupona” kinamsaidia daktari kuliko “alirogwa”, na hata kuliko “nadhani kisukari”.

Weka nakala pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto na nyingine kwenye simu. Siku daktari akiuliza, usijibu kwa kichwa. Mpe ukurasa.

Familia ya Pangani ilifanya zaidi ya hapo. Ile orodha ya warithi saba wa mwaka 1982 iligeuka kuwa orodha ya kupigiwa simu. Kila mrithi, au mtoto wake kama mwenyewe ametangulia, aliambiwa mambo mawili: pima presha, na kabla ya ndoa au mimba inayofuata, pima seli mundu. Shangazi ndiye aliyepiga simu nyingi zaidi. Binti yake mwenyewe ana mchumba, na wote wawili wamekubali kupima.

Bibi aliomba jambo moja tu. Kwenye ule ukurasa, katika lile pengo la miaka tisa, aliwataka waandike majina ya watoto wake watatu. Aliyataja mmoja mmoja kwa mpangilio wa kuzaliwa, naye mjukuu akaandika.